Pumzi ya Mwimbaji

(Maneno yaliyosemwa na mwanakwaya wa sauti ya alto katika ibada ya maandalizi ya jubilii. Yamechapishwa hapa kwa ombi la kamati.)

 

 Nilipoombwa niseme neno, niliambiwa nieleze historia ya kwaya. Historia imo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, pamoja na picha zetu tukiwa bado wembamba. Nimeomba ruhusa niseme jambo jingine, na mwenyekiti amenikubalia, ingawa hakujua ni lipi.

Tumetimiza miaka hamsini, na tumefanya nini ili kuisherehekea? Tangu Januari tumekuwa na mazoezi siku nne kwa wiki badala ya mbili. Tumefanya harambee mbili. Tumeshona sare mpya, na kila mtu amelipa kwa M-Pesa kidogo kidogo mpaka simu zikachoka kutuma ujumbe. Tumerekodi video kuanzia saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mpiga picha alitaka mwanga wa asubuhi. Jumamosi zote zilikuwa za mazishi au arusi, na siku nyingine zilikuwa na vyote viwili, ukitoka kaburini unabadilisha skafu ndani ya matatu. Sisemi kwa kulaumu. Nami nilikuwemo. Lakini wiki mbili zilizopita nilifungua Mambo ya Walawi sura ya 25, mahali neno hili yubile linapotoka, nikacheka peke yangu jikoni.

Yubile kwa Kiebrania ni pembe ya kondoo dume. Ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho, mwaka wa hamsini, na sauti yake ilitangaza kwamba mwaka huo hakuna kupanda wala kuvuna. Aliyejiuza kwa sababu ya deni arudi kwa jamaa yake. Aliyeuza shamba la baba yake arudishiwe. Ardhi yenyewe ilale. Kwa maneno mengine, jubilii ya Biblia ilikuwa mwaka wa kuacha kazi, nasi tumeifanya mwaka wa kazi maradufu.

Kuna aya moja katika sura hiyo ambayo naipenda kuliko zote. Ni ile ya 20, Mungu anapozungumza juu ya mwaka wa saba, mwaka mwingine wa ardhi kulala. Anawaambia watu kwamba anajua watauliza, sasa tutakula nini kama hatukupanda? Hakuwakemea kwa kuuliza. Aliwajibu kama mzazi, akawaahidi kuwa mavuno ya mwaka wa sita yatawafikisha hadi mavuno mapya yatakapoingia ghalani. Alijua kwamba kinachomzuia mtu kupumzika mara nyingi si uvivu wala kiburi. Ni hofu. Nikiacha mimi, nani atafanya? Nikikosa mazoezi Alhamisi, alto watashikwa na nani?

Nami niliwahi kuishi ndani ya swali hilo, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba kuna mwaka nilipotea. Wageni hawajui, basi nitasema kwa ufupi. Nilikuwa mwekahazina wa kwaya, kiongozi wa alto, na nyumbani nilikuwa ninamuuguza mama. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya kwaya. Tulishinda, mtakumbuka, tukaja na kikombe tukiimba njia nzima. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele kuimba wimbo unaohusu raha ya moyo ndani ya Bwana. Katikati ya ubeti wa pili nikagundua kwamba mdomo wangu unaimba na akili yangu inahesabu pesa za basi ambazo hazijalipwa. Sikuwa nasikia neno hata moja la nilichokuwa nikiimba. Nilimaliza wimbo. Nilikaa. Jumapili iliyofuata sikuja, na iliyofuata, mpaka miezi tisa ikapita.

Sikuwa na ugomvi na mtu. Sikuwa nimeacha kuamini. Nilikuwa nimekauka tu, na nilikuwa naona aibu kusema. Ujumbe niliopokea kutoka kwetu (nasema kwetu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimetuma kama huo kwa wengine) ulikuwa wa kunikumbusha faini za kuchelewa na kukosa.

Kisha siku ya Alhamisi akaja mama mmoja wa soprano, ambaye sasa ametangulia kwa Bwana. Alikuja na chupa ya uji na ndizi za kuiva. Akasaidia kumgeuza mama kitandani. Tukanywa uji. Alipokuwa anaondoka akatoa Biblia kwenye mkoba, akasoma aya chache za 1 Wafalme 19, akazisoma mara ya pili polepole, akafunga. Hakuhubiri. Hakuuliza nitarudi lini. Alhamisi iliyofuata akaja tena, na ya tatu. Ilinichukua muda kutambua kwamba Alhamisi ni siku ya mazoezi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa anapata faini kwa ajili yangu.

Hebu tuiangalie ile sura aliyonisomea. Eliya ametoka Mlima Karmeli. Moto umeshuka, manabii 450 wa Baali wameaibika, mvua imenyesha baada ya ukame wa miaka, naye amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Hakuna siku kubwa zaidi katika huduma yake. Halafu Yezebeli anatuma mjumbe mmoja tu mwenye tishio, na mtu huyu aliyesimama mbele ya umati mzima anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Uchovu ulimpata baada ya ushindi. Mimi nilidhani mtu huchoka anaposhindwa. Eliya alivunjika akiwa na kikombe mkononi, kama tungeweza kusema hivyo.

Na Mungu alifanya nini? Ningekuwa mimi, ningempa hotuba. Ningemkumbusha moto wa juzi. Lakini soma uone: Eliya alilala, malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na hakuna aliyemkaripia kwa kulala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kile kile, na safari hii akaongeza neno la huruma, kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Mungu alijua kipimo cha nguvu za mtumishi wake hata kabla mtumishi hajakiri. Baada ya hapo ndipo akatembea siku arobaini mchana na usiku hadi Horebu, na ndipo akaulizwa swali, na ndipo ikaja ile sauti ndogo ya utulivu baada ya upepo na tetemeko na moto.

Angalieni mpangilio huo. Usingizi na mkate vilitangulia, neno likafuata. Sisi mara nyingi tunaanza na neno, tena lile la kukemea, kisha tunashangaa mtu haamki.

Pale Horebu Eliya alilalamika mara mbili kwamba amebaki peke yake. Wakuu wa sauti, mnajijua! Mungu akampa kazi ya kufanya, akamtaja Elisha wa kumrithi, kisha akamwambia wako elfu saba katika Israeli ambao hawakumpigia Baali goti. Elfu saba, naye hakuwa amemwona hata mmoja. Nilipofika aya hiyo niliona haya, maana katika miezi yangu tisa alto hawakuanguka. Wasichana wawili niliokuwa nikiwaona wadogo waliishika sauti, na wanasema waliishika vizuri kuliko mimi. Wapo hapa, sitawataja, wanacheka.

Sasa nataka niwaulize swali la uimbaji. Tunapofika ile sehemu ambapo sauti inavutwa muda mrefu mpaka mkutano unaanza kutafuta mwisho wake, tunafanyaje? Mwalimu wetu wa kwanza alitufundisha kupumua kwa zamu. Wewe unavuta hewa jirani yako akiwa bado anaimba, kisha unaingia taratibu, naye anavuta yake. Walioketi wanadhani tuna mapafu ya ng'ombe. Siri ni kwamba kila mmoja wetu alinyamaza kidogo, na aliponyamaza, mwingine alibeba.

Daudi alilijua hili. Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 25 inahesabu waimbaji wa nyumba ya Bwana, watu 288, na wamegawanywa kwa kura katika zamu 24, watu 12 kila zamu. Kura ilipigwa kwa mdogo sawa na mkubwa, kwa mwalimu sawa na mwanafunzi. Na sura ya 9 inasema waimbaji waliokuwa kazini mchana na usiku walisamehewa kazi nyingine. Hekalu halikunyamaza, lakini haikuwa kwa sababu Asafu alisimama pale kila siku hadi akaanguka.

Na lugha yetu wenyewe inatufundisha. Kupumua, pumzi, kupumzika: maneno haya yametoka mzizi mmoja. Anayepumzika anarudishiwa pumzi. Kumbe hata Kiebrania kinakwenda njia hiyo. Katika Kutoka 23:12 amri ya Sabato inasema ng'ombe na punda wapumzike, na mwana wa mjakazi na mgeni waburudike, na neno lililotumika kwa hao wa mwisho lina maana ya kuvuta pumzi. Limetoka mzizi wa neno nefeshi, nafsi. Neno letu nafsi, lililotujia kwa njia ya Kiarabu, ni ndugu yake. Kwa hiyo Zaburi ya 23 inaposema juu ya mchungaji anayehuisha nafsi, mwimbaji angeweza kusikia pia kwamba anarudishiwa pumzi yake, kando ya maji matulivu, baada ya kulazwa kwenye majani. Kulazwa, siyo kulala. Kuna kondoo ambao wasipolazwa hawatalala.

Nisidanganye kwamba ni rahisi. Katika Marko 6 Yesu aliwaona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula, akawaita waende faraghani wapumzike kidogo. Wakapanda mashua. Walipofika upande wa pili, watu walikuwa wamekwisha kuwatangulia kwa miguu. Likizo ikaishia hapo! Wenye wazazi wagonjwa na watoto wadogo mnaijua mashua hiyo. Nami sikupata mapumziko marefu, mama aliugua mpaka mwisho. Nilichopata ni dakika ishirini za Alhamisi, aya chache zilizosomwa mara mbili, zikisemwa kwangu badala ya kutoka kwangu. Yesu katika Mathayo 11, anapowaita wanaolemewa na mizigo, anawapa nira pia. Kazi ilibaki pale pale. Ila nira hubebwa na wawili.

Tangu hapo nina desturi ndogo. Kabla sijaimba zaburi yoyote kanisani, naisoma kwanza nyumbani bila sauti ya muziki, bila kufikiri nani ataanza na tena wataingia wapi. Nasoma kama barua niliyoandikiwa. Kuna wiki sisikii kitu. Kuna wiki neno moja linakaa nami hadi Jumapili, na nikiliimba linatoka na uzito mwingine.

Basi ombi langu kwa kamati. Sherehe ikiisha, tufunge mazoezi wiki nne. Tukutane Alhamisi tukitaka, lakini bila kinanda, tusome na tunywe chai. Ibada za Jumapili katika wiki hizo ziongozwe na nyimbo za mkutano, kwa maana nao wana sauti na sisi tumekuwa tukiwafunika. Kisha tugawane zamu za mazishi, wasiende wote kila Jumamosi. Najua mtauliza nani ataimba. Walawi 25, aya ya 20.

Na la mwisho. Nyuma ya daftari la mahudhurio kuna ukurasa wa majina ya waliopotea. Nimeyahesabu, ni kumi na moja. Jina langu liliwahi kuwa kwenye ukurasa kama huo. Wengine wao wapo hapa leo, wameketi viti vya nyuma karibu na mlango, na nafurahi kuwaona. Kwa wale ambao hawakuja, namwomba kila mkuu wa sauti achukue majina yake na agawie watu. Nendeni wawili wawili. Bebeni uji, au mkate, au chochote kilichopo jikoni. Someni aya chache, mara mbili. Na habari ya faini, msiiguse kabisa.