KUTEGUKA NA KUUMIA VIUNGO KATIKA MAGHALA YA VYAMA



Hapa Kwedizinga mmezoea kuniona nikikagua madaftari. Leo naomba tutazame jambo ambalo halimo katika madaftari hayo: miili ya wachukuzi wanaopakia magunia ya mahindi garini.

Mifupa ya kiungo hushikwa pamoja na kano, mfano wa kamba za mkonge. Mguu ukipinda ghafula juu ya ubao wa kupandia gari, kano huvutika kupita kiasi, na pengine nyuzi zake hukatika. Huko ndiko kuteguka. Misuli nayo huchanika vivyo hivyo, hasa ya kiuno, mtu anapoinua gunia huku amejipinda. Kutenguka ni jambo jingine: mfupa umetoka mahali pake, na umbo la kiungo limebadilika.

Desturi yetu ni kumchua majeruhi papo hapo kwa maji ya moto. Nasema wazi kwamba si vema. Siku mbili za kwanza joto na kuchua huongeza uvimbe. Mtu apumzike, awekewe kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungi kwa robo saa, na jambo hilo lirudiwe mara kadhaa kwa siku. Afungwe bendeji isiyobana hata vidole vikafa ganzi, na mguu uinuliwe juu ya mto. Kisha aanze kukichezesha kiungo polepole, kwani kulala wiki nzima hukidhoofisha. Asiyeweza kukanyaga hatua nne, aliyetenguka bega, au aliyeumia kiuno na miguu ikalegea ama mkojo ukazuilika, apelekwe siku hiyo hiyo hospitali ya Handeni au ya Magunga, Korogwe. Bega lisivutwe na shujaa yeyote wa ghalani.

Chanzo kikubwa ni uzito. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55 katika uchukuzi wa kila siku. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya hapo, na lumbesa, iliyokatazwa na sheria, huzidi. Tunailaani lumbesa kwa kuwa humpunja mkulima. Mgongo wa mchukuzi hatuutaji. Gunia la kilo 100 libebwe na watu wawili.

Najua mtajibu kwamba mchukuzi hulipwa kwa gunia, naye huficha maumivu asikose ujira wa siku. Ni kweli, na siku anayoshindwa kuinuka huitwa mvivu. Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, fungueni daftari la ajali: tarehe, saa, kiungo kilichoumia, mzigo uliobebwa, na shahidi. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi chini ya sheria ya mwaka 2008, lakini dai lisilo na kumbukumbu ni gumu kulithibitisha. Katika ukaguzi ujao nitaliomba daftari hilo pamoja na la mizani.