KUBEUA NA KIUNGULIA KISICHOKOMA KWA MTU ALIYEKATAZWA NGANO

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mpishi wa hoteli, mbele ya mkutano wa tawi la Mwingi)



Mkutano wetu umezoea habari za mshahara, nyumba na likizo. Leo nimeombwa niseme habari ya tumbo. Nawaomba msicheke, maana nimechekwa vya kutosha. Kwa muda wa miaka miwili wenzangu jikoni waliniita Breki ya Lori, kwa sababu nilipobeua ilikuwa kama malori ya njia ya Garissa yakisimama. Nilibeua nikikanda unga, nilibeua nikimpelekea mgeni chai. Usiku maji makali yalipanda kutoka tumboni mpaka kooni, nikaamka nikikohoa. Mgeni mmoja alinishtaki kwamba sina adabu, nikapewa barua ya onyo. Barua ya pili ingalikuwa ya kuniachisha kazi. Basi jambo hili ni la riziki.

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe. Unaitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai mna kitu kinachoitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Watu wengi hula gluteni bila dhara. Lakini mwenye siliaki akila, askari wa mwili wake mwenyewe wanakosea adui, wanaushambulia utumbo mwembamba. Utumbo huo kwa ndani una vinyuzi vidogo kama vya taulo, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikilala, mtu hula akashiba na bado mwili una njaa. Damu hupungua, uzito hupungua, mifupa hudhoofika, na mtoto hakui. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, na wengine kama mimi huletewa kiungulia na kubeua. Chakula kisichofyonzwa huchacha na kutoa hewa, tumbo hukawia kujimwaga, na kile kizibo kilicho kati ya tumbo na umio hulegea, tindikali ikapanda juu.

Ndugu zangu, wengine watasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Hesabu za dunia zinaonyesha kama mtu mmoja katika kila mia. Watu ambao umeonekana kwao kwa wingi kuliko wote ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, nao ni Waafrika wenzetu. Ugonjwa hurithiwa katika ukoo, lakini bila gluteni hauamki. Pengine ndiyo sababu babu zetu, waliokula mawele na mtama, hawakuujua.

Sisi wa Ukambani huzitaja njaa kwa majina. Wazee hapa wanaikumbuka ile ya 1984, Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa na fedha mkononi. Uholanzi nako kulikuwa na njaa kali wakati wa vita, majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mkate ulikosekana. Daktari mmoja wa watoto, Willem Dicke, alikuwa ameshaanza kuushuku mkate kabla ya vita. Katika njaa ile wagonjwa wake wa siliaki hawakuzidi kuumwa, walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliandika kitabu chake cha Chuo Kikuu kuonyesha kwamba ngano ndiyo yenye makosa. Mpaka leo tiba ni ile ile: kuacha ngano, shayiri na rai, maisha yote.

Sasa nirudi kwangu. Muda mrefu nilitibiwa vidonda vya tumbo. Nilimeza vidonge mpaka mwenye duka la dawa akawa rafiki yangu. Mwishoni daktari mmoja, mwanamke kijana, aliona damu yangu ni kidogo na suruali yangu imefungwa kwa kamba. Akaipima damu kwa siliaki, kisha nikapelekwa kuingizwa mpira wenye taa, na kipande kidogo cha utumbo kikachukuliwa. Nikaambiwa: Baba, basi na ngano.

Niliacha chapati, mandazi na mkate siku ile ile. Baada ya miezi minne damu ilirudi, na kamba ya suruali nikaitupa. Lakini kubeua hakukukoma, wala kiungulia. Nikasema moyoni, daktari amekosea, afadhali nirudie chapati zangu. Ndugu, hapo ndipo wengi wanapopotea, na ndipo hasa nilipotaka mnisikilize.

Nilirudi kwake nikiwa na hasira. Hakunijibu kwa hasira. Aliniuliza: Baba, nieleze chakula chako cha jana, na kila chombo kilichokigusa. Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojishtaki. Viazi nilivyokula vilikaangwa katika mafuta ya mandazi. Mchuzi niliuonja mara kumi, nao ulikuwa umetiwa kijiko cha unga wa ngano ili uwe mzito. Unga wangu wa ugali ulisagwa katika mashine ya posho iliyotoka kusaga ngano ya mtu mwingine. Na kila alfajiri nilikanda unga wa chapati, vumbi likinijaa puani na mdomoni, nikalimeza.

Akanipigia hesabu. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni kama gramu 2. Imepimwa kwamba miligramu 50 kwa siku, yaani kama sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho, ikiingia kila siku kwa miezi 3 yatosha kuudhuru utumbo. Mimi sikula mkate, lakini niliula kwa vumbi na kwa kijiko.

Hapo chama kilinisaidia. Katibu wetu alikwenda nami kwa mwenye hoteli. Hatukwenda kwa ugomvi. Tulikwenda na cheti cha daktari. Tukaomba nihamishwe kutoka kwenye unga niende kwenye sufuria za muthokoi, nyama na ndengu. Alikubali, na barua ya onyo ikafutwa. Baada ya miezi mitatu kiungulia cha usiku kilipungua sana.

Kilipungua, hakikwisha. Daktari akasema: mlango wa kwanza tumeufunga, sasa tutazame mingine, maana mwenye siliaki hakukingwa na magonjwa ya watu wengine. Akanipima kijidudu cha tumbo kiitwacho H. pylori. Ndicho ambacho Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walikigundua, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nilikuwa nacho, nikapewa dawa nikazimaliza zote. Akaniuliza pia juu ya maziwa, kwa sababu utumbo ulioumia mara nyingi hushindwa na sukari ya maziwa mabichi. Maziwa ya mgando huwa afadhali. Na wengine, akasema, huwa na vijidudu vilivyozidi katika utumbo mwembamba, navyo hutoa hewa. Hao nao wana dawa yao.

Mlango wa mwisho ulikuwa tabia yangu mwenyewe. Nilikula nimesimama, kwa dakika tano, nikimeza hewa pamoja na tonge. Nilikunywa soda kutuliza tumbo, kumbe soda ni hewa tupu. Nilikula saa nne za usiku nikalala saa nne na nusu. Na kwa maumivu ya mgongo nilimeza diklofenaki kila siku, nayo huchubua tumbo. Leo nakula kwa utaratibu, chakula cha usiku nakila saa tatu kabla ya kulala, na miguu ya kitanda upande wa kichwa nimeiwekea matofali. Bado nabeua mara moja moja, kama binadamu wote. Jina la Breki ya Lori limekufa.

Basi ndugu, nayaweka mashauri yangu kwa ufupi.

1. Si kila anayebeua ana siliaki. Wengi hawana. Lakini kiungulia kisichosikia dawa, pamoja na upungufu wa damu, kukonda au kuharisha kwa muda mrefu, au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo, ni sababu ya kumwuliza daktari habari ya siliaki.

2. Usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiiacha kwanza, kipimo cha damu chaweza kusema huna, nawe unao.

3. Ukishajulikana unao, na kubeua hakukomi, usirudie ngano. Tafuta kwanza inapojificha: mafuta ya kukaangia, mchuzi mzito, soseji, unga wa uji uliochanganywa, bia na vinywaji vya kimea cha shayiri, mashine ya posho. Utumbo nao hupona polepole. Kwa mtu mzima yaweza kuchukua mwaka au miaka miwili.

4. Usijitibu kwa vidonge vya tindikali mwezi baada ya mwezi. Huzima moshi, moto ukabaki.

5. Ukiona chakula kinakwama kooni, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au unakonda tena, nenda hospitali upesi. Saratani ya umio si ngeni Kenya, na ikikawia ni vigumu kuitibu. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani pamoja na jasho usiyaite kiungulia. Huenda ni moyo. Nenda saa hiyo hiyo.

6. Usiogope gharama ya chakula. Vile vya pakiti katika maduka makubwa ya Nairobi ni ghali, lakini si lazima. Soko la Mwingi limejaa dawa: muthokoi, ndengu, kunde, mbaazi, mawele, mtama, wimbi, mihogo, viazi vitamu, mayai, nyama ya mbuzi na asali. Chagua nafaka safi, na upate mwenye mashine ambaye hasagi ngano. Ndengu zikikujaza tumbo, zilowekwe usiku kucha.

Kwa upande wa chama, naomba tukumbuke haki zetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo anastahili, katika kila miezi 12, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Kifungu cha 33 chasema mwajiri aliyekubali katika mapatano kuwalisha watu wake sharti awalishe ipasavyo. Tuziombe halmashauri za kazini mambo matatu: sufuria moja na mwiko mmoja visivyogusa ngano kwa anayehitaji, nusu saa ya kula mtu akiwa ameketi, na mfanya kazi asiandikiwe onyo kwa dalili ya ugonjwa kabla hajapelekwa kwa daktari.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humwumbua. Mimi niliyaficha yangu kwa sababu ya aibu, kwani nani atakwenda kwa katibu wa chama kumwambia, nabeua? Karibu yanifukuzishe kazi. Kama yuko mwenzetu humu anayechekwa kama nilivyochekwa mimi, aje anione baada ya mkutano. Nitamsikiliza, na kesho yake nitamsindikiza hospitali.

Umoja ni nguvu.