Tupime Kabla ya Kuchimba

(Maneno ya mwanachama wetu, fundi sanifu wa maji mstaafu, katika mkutano mkuu wa mwaka uliofanyika Dar es Salaam. Kamati imeomba yachapwe hapa, kabla ya ukurasa wa michango.)



Katibu aliniomba nije nihamasishe michango ya kisima cha shule. Nitahamasisha, ila naomba mniwie radhi kama sitasema yale aliyoyatarajia. Kamati inapendekeza fedha yote ya mwaka huu iende kwenye kisima kirefu pale shule ya msingi. Sipingi watoto kupata maji. Ninachopinga ni kuleta mtambo wa kuchimba kabla hatujajua tutatoa maji ya namna gani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1986 nilikuwa kijana, nimetoka chuo, nafanya kazi maabara. Ikaletwa sampuli ya maji kutoka pampu ya mkono ya kule chini kwetu, ile mnayoifahamu, ambayo leo ina kufuli. Nikapima madini ya floraidi, yakazidi kidogo miligramu 5 kwa lita. Nikajaza fomu: "Yanafaa kwa matumizi ya binadamu." Nikaweka sahihi.

Sikuongopa. Kiwango cha muda cha mwaka 1974 kwa maji ya vijijini kiliruhusu hadi miligramu 8. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi 1.5, lakini sisi tukifuata hivyo wakati ule, vijiji vingi vya kaskazini vingebaki bila chanzo hata kimoja. Baadaye kiwango chetu kikashushwa hadi 4, na sasa nasi tuko kwenye 1.5. Maji ya pampu ile ni yale yale. Kilichobadilika ni karatasi.

Waliokunywa maji yale wakiwa watoto wamo humu ukumbini. Wawili ni wanangu. Asubuhi tulipopiga picha ya pamoja mpiga picha alisema tucheke, nami niliona ni akina nani waliofunga midomo.

Sasa niseme floraidi ni nini, maana najua kuna wanaoamini meno yetu yameharibiwa na rangi ya mto Maji ya Chai. Floraidi haina rangi, wala harufu, wala ladha kwa viwango tunavyovizungumzia. Unaweza kuwa na maji meupe kama ya chupa, nayo yamejaa floraidi. Kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki pale pale. Na kiasi chenyewe ni kidogo: miligramu 1.5 kwa lita ni gramu moja na nusu ndani ya tangi la lita 1,000, kama robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Ikizidi hapo, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi anaharibikiwa kabla jino halijatokeza. Kazi hiyo ya mwili kwa meno mengi hukamilika kwenye umri wa miaka minane hivi. Baada ya hapo hata umhamishie mtoto kwenye maji safi, doa halifutiki. Akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka, mifupa nayo inaingiwa: miguu inapinda, mgongo unakakamaa. Wazee wetu waliotembea hivyo tuliwaita wazee tu. Wengine haikuwa uzee.

Inatoka wapi? Inatoka kwenye mlima wetu. Meru ni volkano, na mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910. Miamba yake ina asili ya magadi na ina chokaa kidogo. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu chokaa ikiwemo ya kutosha huishika floraidi na kuituamisha. Isipokuwepo, floraidi inabaki imeyeyuka na kusafiri na maji. Kadiri maji yanavyokaa ndani ya mwamba wa namna ile, ndivyo yanavyochota zaidi. Zaidi ya hayo, maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima ulimeguka ukaporomoka, ukatandaza mawe na tope mpaka Momella na kuendelea. Maji yanayopita kwenye maporomoko yale ni mabaya kuliko mengine, na maziwa ya Momella yenyewe yana floraidi kwa mamia ya miligramu kwa lita.

Haya siyabuni. Serikali ilituma watu wakayachora. Idara ya jiolojia ya nchi hii ilianza mwaka 1925, na leo ndiyo taasisi ya jiolojia na utafiti wa madini iliyoko Dodoma. Ramani yao ya Arusha, karatasi namba 55, yenye mlima Meru wote, ilitoka mwaka 1983. Nimekuwa nayo nyumbani miaka mingi. Sisi tulidhani ramani za wale mabwana ni za watu wa dhahabu na almasi, na kwa kuwa kwetu hakuna dhahabu hatukuziulizia. Lakini ukiifunua ile karatasi unaona maporomoko yameishia wapi, majivu yako wapi, na mwamba wa zamani umejitokeza wapi. Kwa mtu wa maji hiyo ni nusu ya jibu.

Nusu nyingine haimo kwenye ramani, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa kamati. Wanasema mkandarasi atakuja na kipimo chake cha umeme, apime ardhi, aseme tuchimbe wapi. Ni kweli atasema. Kipimo kile kinapitisha umeme ardhini na kuonyesha penye dalili za maji. Hakikuambii floraidi ni 1 au ni 10. Na kisima kirefu ndicho hasa kinachofikia maji yaliyolala mwambani muda mrefu. Chemchemi za juu, karibu na msitu, mara nyingi zina floraidi kidogo kwa kuwa maji yake hayajasafiri sana. Nasema mara nyingi, sisemi kila mara. Nimepima chemchemi mbili za kilima kimoja, mtu anatoka moja hadi nyingine kabla sigara haijaisha, zikatofautiana kabisa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Sehemu ndogo ya fedha itangulie kwenye vipimo. Tuchukue maji ya chemchemi mbili za juu, ya mfereji, ya kisima kifupi cha misheni, ya pampu yenye kufuli, na ya kisima chochote kirefu kilicho jirani. Tuchukue wakati wa masika, turudie kiangazi. Tuende Moshi, ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, tuombe kuona kumbukumbu za visima vilivyokwisha kuchimbwa upande wetu. Hata hivyo lazima twende kule, kwa sababu ya kibali.

Chemchemi mojawapo ikiwa nzuri, tutandike bomba. Maji yatashuka yenyewe, hatuna haja ya umeme wala pampu. Ikiwa na maji mazuri ila machache, tunaweza kuchanganya: lita tatu za maji yenye 0.5 na lita moja yenye 4 zinatoa maji ya chini kidogo ya 1.4, yanafaa. Zote zikiwa mbaya, yako mapaa ya shule. Mvua haina floraidi ya kutisha. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 10 tu linakusanya kama lita 2,000, ukiacha yanayopotea. Hayatoshi kufulia wala kumwagilia bustani, lakini ya kunywa na kupikia uji ndiyo tunayoyatafuta.

Ipo na njia ya mkaa wa mifupa, ambayo kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto, mlangoni kwetu kabisa, kimeifanyia kazi miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru bila hewa nyingi, inasagwa, inachekechwa, inawekwa kwenye ndoo, na maji yakipita humo floraidi inanaswa. Inafanya kazi. Tabu yake ni kwamba mkaa ukichoka haukwambii, maji yanaendelea kutoka yakiwa na ladha ile ile. Pasipo mtu wa kupima na kubadilisha, mtakuwa mnachuja bure. Tukiichagua njia hii, tuchangie na posho ya mtu huyo, tusichangie ndoo peke yake.

Akina mama, mniruhusu neno moja la jikoni. Yale magadi ya kulainishia makande, mengine yana floraidi nyingi. Kwa sufuria ya watoto wadogo, afadhali mloweke mahindi na maharage usiku kucha.

Najua ugumu wa ninachokiomba. Wafadhili na sisi wenyewe tunapenda kitu cha kuonekana, mnara wa tangi wenye majina ya waliochangia. Hakuna aliyewahi kukata utepe mbele ya chupa ya sampuli. Mwenyekiti alinitania jana kwamba nataka watu wachangie karatasi ya maabara. Nikamjibu kwamba ya mwaka 1986 waliipata bure.

Mkikataa na kisima kikachimbwa, nami nitachangia kama wengine, maana shule ni yetu. Naomba tu iandikwe kwenye mkataba kwamba maji yatapimwa floraidi kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho, na majibu yabandikwe ukutani pale shule, mzazi yeyote ayasome.

Chupa sita nimekuja nazo, ziko mezani kwa Katibu. Ni za plastiki, kama inavyotakiwa kwa kipimo hiki. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale, ijaze, funga, andika mahali na tarehe. Haihitaji barafu, inasafiri kwenye basi bila shida. Anayepanda nyumbani kabla ya Pasaka anione wakati wa chai.