Kupima ugumu wa embe kwa mtetemo bila kulijeruhi: mada kwa wakulima na wachuuzi wa matunda, Katindiuka



Embe dodo likitoka shambani hapa Katindiuka hadi sokoni Ifakara hupita katika vidole vingi. Mkulima hulibonyeza, dalali hulibonyeza, mchuuzi naye, kisha kila mteja anayesimama mezani. Kidole kikikaza huvunja seli zilizo chini ya ganda. Mahali hapo hugeuka kahawia, na ndipo uozo unapoanzia. Naamini tunaweza kuacha kubonyeza, na kifaa cha kuanzia tunacho mifukoni.

Maabara nazo huharibu matunda. Kipimo kilichozoeleka, cha Magness na Taylor wa Marekani tangu 1925, husukuma kijiti cha chuma ndani ya nyama ya tunda lililobanduliwa ganda, na nguvu iliyotumika ndiyo husomwa. Ni kipimo kizuri, lakini ukitaka kufuatilia embe linavyolainika itabidi utoboe jingine kila siku, na maembe mawili ya mti mmoja hayaivi pamoja.

Wauza matikiti wamekuwa na njia ya upole zaidi: hugonga na kusikiliza. Tunda likigongwa hutetemeka. Nyama ngumu hutetemeka haraka na kutoa sauti nyembamba. Nyama laini hutoa sauti nzito. Embe linapoiva, vimeng'enya huyeyusha pektini inayoshikanisha seli, nyama hulegea na mtetemo hupungua kasi.

Tatizo ni kwamba ukubwa hudanganya sikio. Tunda lenye uzito mara 8 ya jingine, kwa umbo na ugumu uleule, hutetemeka kwa nusu ya kasi ya lile dogo. Mwaka 1973 watafiti Cooke na Rand walitoa kanuni inayoondoa udanganyifu huo: chukua idadi ya mitetemo kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa uzito uliopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili; jibu ndilo kipimo cha ugumu. Kwa hiyo mtetemo wa embe lilelile ukishuka hadi nusu, ugumu wake umeshuka hadi robo.

Watafiti wa Japani wamesoma mtetemo huo kwa mwanga wa leza. Sisi simu inatutosha, kwa sababu kipaza sauti chake huweza kuchukua sauti mara 44,100 kwa sekunde, na mitetemo ya tunda ni michache mno kuliko hiyo. Laza embe juu ya sifongo lisibanwe, ligonge taratibu ubavuni kwa kijiti chenye ncha ya mpira, simu ikiwa karibu upande wa pili, kisha soma masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwenye programu ya kuchambua sauti. Gonga mahali palepale kila mara, maana embe si duara na lina kokwa.

Embe lililolainika sana humeza mtetemo, na hapo namba haiaminiki. Zito zaidi ni hili: njia hii haitenganishi embe changa na lililokomaa, kwa kuwa yote mawili ni magumu. Anayechuma mapema ili awahi bei hatasaidiwa na simu. Ukomavu utaendelea kutazamwa mtini, kwa mabega yaliyojaa na rangi ya nyama ya tunda la mfano.

Faida yake inaanza baada ya kuchuma. Tangu daraja la Magufuli lenye mita 384 lifunguliwe 2018, mizigo ya Ulanga na Malinyi haisubiri tena kivuko, na shehena ya kwenda Dar es Salaam inahitaji kuchambuliwa: lipi litahimili safari, lipi liuzwe Ifakara leo.

Kwa kazi hiyo namba za ugumu za tunda jingine, kama tufaha la Ulaya, hazitufai; tunahitaji za dodo letu. Msimu ujao kila kikundi kivundike maembe 20 ya dodo, kila moja likiwa na alama yake. Yapimwe uzito na kugongwa kila asubuhi hadi siku ya kuliwa, na mlaji aseme kama lilikuwa gumu, tayari au limepitiliza. Daftari hilo litunzwe na katibu wa kikundi, na dalali akija kununua aonyeshwe.