Antonio Inoki na Heshima ya Mieleka

Kanji Inoki, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Antonio Inoki, alizaliwa Yokohama tarehe 20 Februari 1943. Baba yake alifariki mapema, na hali ya maisha nchini Japani baada ya vita ilikuwa ngumu. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 14, alipanda meli kwenda Brazil pamoja na mama yake, babu yake na ndugu zake. Babu alifia safarini. Waliobaki walifikia shamba la kahawa katika jimbo la São Paulo, wakafanya kazi ya kutwa nzima juani. Kijana alirefuka, akajaa kifua, akaanza kupata sifa katika kurusha kisahani na tufe. Mwaka 1960 mwanamieleka Rikidozan, akiwa ziarani Brazil, alimwona na kumrudisha Japani.

Rikidozan ndiye aliyewapandikizia Wajapani mapenzi ya mieleka ya kulipwa. Aliacha sumo mwaka 1950, na mwaka 1954 mapambano yake na ndugu wawili wa Sharpe yaliwakusanya watu mbele ya televisheni zilizowekwa mitaani. Nchi iliyoshindwa vitani ilifarijika kumwona mtu wao akiwaangusha majitu kutoka nje. Wengi hawakujua kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Korea, katika sehemu ambayo leo ni Korea Kaskazini. Inoki aliishi kwake kama mwanafunzi na mtumishi kwa pamoja: akibeba mizigo, akitumwa huku na kule, na akipigwa mara kwa mara.

Tarehe 30 Septemba 1960 Inoki alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza, akapigwa na Kintaro Oki. Siku hiyohiyo alianza pia Shohei Baba, mchezaji wa zamani wa besiboli mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na yeye akashinda. Baba alitunzwa na kutangulizwa, Inoki akawekwa nyuma. Ushindani wa wawili hao uliigawa mieleka ya Japani kwa miaka mingi. Desemba 1963 Rikidozan alichomwa kisu katika klabu ya usiku jijini Tokyo, akafariki wiki moja baadaye. Inoki alikwenda Marekani kujifunza zaidi, akarudi, akajaribu kampuni mpya ya mieleka iliyokufa upesi, akarejea kwenye kampuni ya zamani ya Rikidozan, na mwishoni mwa 1971 akafukuzwa kwa madai ya kupanga njama za kuupindua uongozi.

Kufukuzwa kulimfungulia njia. Januari 1972 alianzisha New Japan Pro-Wrestling, na onyesho la kwanza likafanyika Machi 6 katika ukumbi wa mtaa wa Ota, Tokyo. Mpinzani wake alikuwa Karl Gotch, fundi wa kukaba na kupinda viungo aliyekuwa pia mwalimu wake. Katika onyesho la kuzindua kampuni yake mwenyewe, Inoki alikubali kushindwa. Baba alianzisha All Japan mwaka uleule, akawa na uhusiano mzuri na mapromota wa Marekani walioleta nyota wakubwa. Inoki hakuwa na nyota hao. Alichokuwa nacho ni dai moja, ambalo aliliita roho ya mapambano: kwamba mieleka ya kulipwa ndiyo sanaa ya kupigana yenye nguvu kuliko zote, na yeye yuko tayari kulithibitisha mbele ya yeyote.

Dai hilo lilikuwa zito kwa sababu ya asili ya mchezo wenyewe. Katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa kabla. Maumivu ni ya kweli, ustadi ni wa kweli, lakini matokeo ni makubaliano. Magazeti makubwa na watu wa michezo mingine waliidharau kwa hilo, na dharau hiyo ilimuuma Inoki maisha yake yote. Februari 1976 alipambana na Willem Ruska wa Uholanzi, aliyetwaa medali mbili za dhahabu za judo katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akashinda. Kisha akamwendea mtu mashuhuri kuliko wanamichezo wote wa wakati ule, Muhammad Ali.

Ali alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi, miezi ishirini baada ya kumwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Aliahidiwa dola milioni 6 kwenda Tokyo, na inaelekea alitarajia onyesho la kupangwa. Alipogundua kwamba Inoki amejiandaa kupigana kikweli, kambi yake ilidai masharti: Inoki asimnyanyue na kumbwaga, asimpige viwiko, na asirushe teke isipokuwa goti lake moja liko chini. Mpambano ulifanyika Nippon Budokan tarehe 26 Juni 1976.

Kengele ilipolia Inoki alikimbia moja kwa moja, akajitupa sakafuni na kumtupia Ali teke la mguu. Hakuinuka ila kwa nadra. Kwa raundi 15 alitambaa kwa mgongo na makalio, akimfuata bingwa kila kona na kumchapa mateke nyuma ya goti na kwenye paja la kushoto. Ali alimzunguka, akamtolea maneno, akamtaka asimame apigane kiume. Ngumi alizorusha katika usiku mzima hazikufika kumi. Mguu wake ulivimba na kuchubuka. Majaji walitoa sare, na watazamaji waliolipa pesa nyingi wakarusha takataka ulingoni wakidai warudishiwe. Magazeti ya Tokyo hadi New York yaliuita mchezo wa aibu. Ali alirudi Marekani akalazwa hospitali kwa damu iliyoganda miguuni. Inoki alibaki na madeni.

Hukumu ya siku ile haikuwa ya haki. Waliocheka waliona mtu aliyelala chini. Hawakuona kwamba kila njia nyingine ilikuwa imefungwa na masharti, na kwamba aliyelala ndiye aliyetafuta pambano. Leo, baada ya mapigano mchanganyiko kuenea duniani, mateke yale ya mguu ni silaha ya kawaida, na mafundi wa mchezo huo huurudia mkanda wa 1976 kwa makini. Wanamieleka waliopitia mikononi mwa Inoki ndio waliofungua njia hiyo nchini Japani: Satoru Sayama aliasisi Shooto, Akira Maeda akaasisi Rings, na Masakatsu Funaki pamoja na Minoru Suzuki wakaanzisha Pancrase mwaka 1993, miezi michache kabla ya shirika la mapigano mchanganyiko la UFC kuonekana Marekani.

Uhasama na Ali uligeuka urafiki. Inoki alianza kuingia ulingoni na wimbo uitwao Inoki Bom-Ba-Ye, ambao asili yake ni ukelele wa Kilingala ambao umati wa Kinshasa ulimpigia Ali mwaka 1974. Kwa hiyo sauti ya mashabiki wa Kongo iliendelea kusikika katika kumbi za Japani kwa miongo mingi. Afrika Mashariki nayo ilikaribia kuingia katika historia yake kwa namna ya ajabu zaidi. Mapema mwaka 1979 promota mmoja wa Tokyo alitangaza kwamba Inoki atapambana na Idi Amin, mtawala wa Uganda, jijini Kampala mwezi Juni, Ali akiwa refa. Aprili majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala, Amin akakimbia, na mpango ukafa.

Desemba 1976 Inoki alikwenda Karachi kupambana na Akram, wa ukoo maarufu wa wanamieleka wa Pakistani. Pambano liligeuka la kweli kabisa, na Inoki akamvunja Akram mkono mbele ya watu wake. Mwaka 1979 alirudi Pakistani kupambana na Jhara, mpwa wa Akram. Raundi zilipokwisha bila mshindi, Inoki aliunyanyua mkono wa kijana huyo juu. Tendo hilo lilimpa heshima Pakistani hadi mwisho wa maisha yake.

Muongo wa 1980 ulikuwa wa misukosuko. Juni 1983, katika fainali ya mashindano aliyoyabuni mwenyewe ya kumpata bingwa mmoja wa dunia, Mmarekani Hulk Hogan alimpiga akazimia, ulimi nje, na mashabiki wakaamini anakufa. Mwaka huohuo pesa za kampuni zilizoingizwa katika biashara yake ya Brazil zilizua mgogoro mkubwa, akaondolewa kwa muda katika urais wa kampuni. Oktoba 1987 alipambana na mwanamieleka mwenzake Masa Saito kwa zaidi ya saa mbili katika kisiwa kidogo cha Ganryujima, bila mtazamaji hata mmoja aliyenunua tiketi.

Mwaka 1989 aliunda Chama cha Michezo na Amani, akachaguliwa katika Baraza la Juu la Bunge. Wengi walidhani ni kituko cha mtu maarufu. Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990 na kuwazuia wageni, Wajapani wakiwemo, Inoki alikwenda Baghdad wakati wizara ya mambo ya nje ya nchi yake haikutaka aende. Alizuru Karbala, akasilimu na kupewa jina Muhammad Hussain. Mwanzoni mwa Desemba aliandaa tamasha la michezo na amani Baghdad, akiwa amefuatana na jamaa za waliozuiwa, na mara baada ya tamasha Wajapani hao wakaruhusiwa kurudi nao nyumbani. Siku hizohizo Saddam Hussein alitangaza kuwaachia wageni wote, hivyo si sahihi kumpa Inoki sifa peke yake. Lakini alikwenda, na wengi wenye vyeo vikubwa kuliko yeye hawakwenda.

Aprili 1995 alipeleka mieleka Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, alikozaliwa Rikidozan. Kwa siku mbili Uwanja wa Mei Mosi ulijaa, na waandaaji walitaja idadi ya watu 190,000 siku ya pili, alipomshinda Mmarekani Ric Flair. Mwaka huohuo alipoteza kiti chake bungeni. Alistaafu mieleka tarehe 4 Aprili 1998 katika ukumbi wa Tokyo Dome baada ya kumshinda Mmarekani Don Frye, mbele ya watu wapatao 70,000 na Ali akiwepo.

Baada ya kustaafu dai lake la zamani liliiumiza kampuni yake. Aliwasukuma wanamieleka katika mapigano mchanganyiko ambayo hawakuwa wamejiandaa nayo. Tarehe 31 Desemba 2001 Yuji Nagata, nyota wa New Japan, alianguka mbele ya mpiganaji Mirko Cro Cop kwa sekunde 21. Mashabiki walikata tamaa, mapato yakashuka, na mwaka 2005 Inoki aliuza hisa zake kwa kampuni ya michezo ya video ya Yuke's.

Alirudi bungeni mwaka 2013, akasimamishwa siku 30 kwa kwenda Korea Kaskazini bila ruhusa, na akaachana na siasa mwaka 2019. Ugonjwa wa amiloidosisi ulimdhoofisha mwili na moyo, na aliwaruhusu wapigapicha waingie chumbani kwake hospitalini ili mashabiki wamwone alivyo. Machi 2022 New Japan ilitimiza miaka 50. Alifariki Tokyo tarehe 1 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 79.