Dalali Wako Anamtumikia Nani?

(Mada iliyotolewa na dawati letu la msaada wa kisheria kwa wajumbe wa kamati za parokia na wahisani.)



Tumeombwa tuzungumzie namna ya kumchagua dalali wa nyumba na viwanja. Baadhi ya wahisani wametuuliza kwa nini shirika linalochimba visima na kulipia watoto ada liingie katika habari za madalali. Jibu letu ni fupi. Kwa familia nyingi tunazozihudumia, nyumba ndiyo akiba pekee ya maana waliyo nayo. Mstaafu huyaweka mafao yake yote hapo. Mjane huiuza ili asomeshe. Mtu akipotea siku hiyo moja, misaada yetu ya miaka kumi haitamrudisha pale alipokuwa.

Tutakayosema yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

DALALI NI NANI?

Dalali ni mtu wa kati. Anamjua anayeuza, anamjua anayetafuta, anawakutanisha, analipwa. Ni kazi halali na ina jasho lake: kutembea juani, kupiga simu usiku, kumpeleka mtu nyumba ya tano baada ya kukataa nne. Wengi wao ni waumini wenzetu katika jumuiya ndogo ndogo, na wapo ambao jina lao mtaani ni dhamana tosha. Hatukuja hapa kuwasema vibaya.

Lakini tujue mipaka ya kazi hiyo. Dalali si mwenye mali. Si wakili, si mthamini, wala si afisa ardhi. Wala tusimchanganye na dalali wa mahakama, ambaye hufanya kazi kwa amri ya mahakama. Kenya walitunga sheria maalumu ya mawakala wa nyumba mwaka 1984, yenye bodi ya kuwasajili. Huku kwetu watu wengi wamezoea kumpima dalali kwa jina lake mtaani, na mtu huweza kuanza udalali akiwa na simu na kijiwe tu. Kwa hiyo kazi ya kumchunguza inabaki mikononi mwa mwenye kuuza au kununua.

TUNAVYOCHAGUA SASA

Tuseme ukweli: wengi hatuchagui. Tunamchukua wa kwanza. Namba imeandikwa ukutani, picha imetumwa kwenye simu, au shemeji anamjua mtu. Muuzaji naye huwatangazia madalali wote wa mtaa, akisema atakayeleta mteja kwanza ndiye atakayelipwa. Matokeo yake nyumba moja hutangazwa kwa bei tatu. Mnunuzi akisikia bei tatu huingiwa na shaka, na nyumba hukaa miezi bila kuuzika ingawa haina kasoro yoyote.

Upande wa mnunuzi, kuna hela ya kupelekwa kuona. Leo nyumba hii, kesho ile, na kila safari ina malipo yake. Dalali anayepata riziki kwa kuonyesha hana haraka ya kupata. Afadhali kukubaliana kwamba malipo ya maana yatatoka siku biashara itakapokamilika.

ANALIPWA NA NANI, NA KWA NJIA GANI?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, nalo ndilo tunaloona haya kuuliza. Mara nyingi hutajwa asilimia 5 ya bei, wengine husema 10. Hayo ni makubaliano, na yakiwa wazi hayana ubaya. Tatizo ni kile kinachoitwa cha juu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anataka shilingi milioni 60 kwa nyumba yake. Dalali anawaambia wanunuzi ni milioni 75. Mnunuzi anavutana naye, wanafika milioni 70. Mama anapewa milioni 60 zake, kisha anaombwa asilimia 5 kama asante, yaani milioni 3. Anabaki na milioni 57, na dalali anaondoka na milioni 13. Kama wangepatana tangu mwanzo kwamba dalali atapata asilimia 5 ya bei halisi, naye dalali akauza kwa hiyo hiyo milioni 70, angelipwa milioni 3 na nusu, na mama angebaki na milioni 66 na nusu. Tofauti ni milioni 9 na nusu. Katika familia ya mjane, hiyo ni ada ya watoto kwa miaka.

Watu husema, "Ndivyo biashara ilivyo." Sivyo sheria inavyosema. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu wakala na aliyemtuma. Wakala anatakiwa kumpa hesabu aliyemtuma. Akijifanyia biashara ya faida yake ndani ya kazi aliyotumwa, bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo. Kwa hiyo mama yule hakuwa anaomba hisani. Alikuwa na haki ya kujua nyumba yake imeuzwa kwa shilingi ngapi.

Angalieni pia kwamba cha juu hakiwezekani iwapo muuzaji na mnunuzi wamekaa meza moja na kutajiana bei. Ndiyo maana dalali wa namna hiyo hufanya kila njia wasikutane. Leo mwenye nyumba yuko safarini, kesho anaumwa, keshokutwa "hapendi kusumbuliwa". Kama mtasahau yote tuliyosema leo, shikeni hili moja: dalali mwema hukukutanisha na mwenye mali mapema, naye hukaa hapo hapo bila wasiwasi, kwa sababu malipo yake yanajulikana na wote.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPATANA

1. Unamfanyia kazi nani, mimi au yule mwingine? Akisema wote wawili, kila mmoja ajue, na kila mmoja ajue mwenzake analipa nini.

2. Utalipwa kiasi gani, na lini? Jibu liandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na pande zote zitie sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

3. Nionyeshe watu watatu uliowauzia au uliowanunulia mwaka uliopita. Nenda kwao. Waulize kama bei waliyoambiwa ndiyo iliyolipwa, na kama alionekana tena baada ya kupata chake.

4. Unapatikana wapi? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakufahamu? Una namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara?

5. Una pingamizi nikija na wakili wangu? Dalali mwema husema, "Mlete." Anayenung'unika kwamba wakili atachelewesha biashara amekwisha kukujibu.

Muuzaji aongeze jambo moja. Amchague dalali mmoja, ampe muda maalumu, kama miezi mitatu, na bei ya chini iliyoandikwa. Asipoiweza kazi, ampe mwingine. Na bei isitoke kinywani mwa dalali peke yake. Ulizeni majirani waliouza karibuni, au mkiweza mtumieni mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya wathamini ya mwaka 2016.

MAMBO AMBAYO DALALI HAWEZI KUKUTHIBITISHIA

Hata dalali mwaminifu kuliko wote hukuletea mtu tu. Hawezi kukuthibitishia kwamba mtu huyo ndiye mmiliki, kwa sababu naye ameambiwa. Uthibitisho una njia zake.

Nyumba yenye hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utajua jina la mmiliki, na kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio. Kama kuna leseni ya makazi tu, kumbuka kwamba hiyo si hati miliki na ina mwisho wa muda wake. Pasipo na hati wala leseni, nenda serikali ya mtaa na kwa majirani wa pande zote nne, tena nenda siku mbili tofauti na bila dalali. Ardhi ikiwa ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uhamisho wake unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji.

Uliza habari za mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Uliza kama mwenye nyumba yu hai. Akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Akiwa yuko nje ya nchi, omba kuiona hati aliyompa mtu mamlaka ya kumuuzia, na zungumza naye mwenyewe.

Mwisho, mkataba wa kuuza uwe wa maandishi, kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyotaka, na uwe na bei ile ile iliyolipwa. Fedha ziingie benki kwenye akaunti ya mwenye mali, zisipitie mfukoni mwa dalali. Malipo ya dalali yatolewe mbele ya wote, kwa risiti.

PAROKIA INAPONUNUA

Haya yote yanazihusu kamati zenu pia. Parokia hununua kiwanja cha kigango, shamba la mradi au nyumba ya mtumishi, na fedha ni sadaka za waumini na michango ya wahisani walioko hapa. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, mjumbe wa kamati asiwe dalali wa kiwanja ambacho kamati inakinunua. Akimleta mwenye mali, alete kama muumini, au aseme wazi na kutoka kwenye kikao cha uamuzi. Pili, wajumbe wasiopungua wawili waonane na muuzaji ana kwa ana. Tatu, mali iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, si kwa jina la katekista wala mwenyekiti, hata awe mtakatifu. Watu hufariki, na warithi wao husoma karatasi.

TUNACHOWAOMBA

Maandiko yanatupa mifano miwili ya kununua ardhi. Ibrahimu, alipotaka mahali pa kumzika Sara, aliomba watu wa mji wamsemee kwa Efroni. Lakini bei ilitajwa na Efroni mwenyewe, wenyeji wakisikia, na Ibrahimu akapima shekeli 400 za fedha mbele yao. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, akaandika hati, akaweka mashahidi, na hati ikatiwa katika chombo cha udongo ili idumu. Watu hawa walikuwa na imani kubwa, na bado waliandika na kuita mashahidi. Basi mtu asituambie kwamba kuuliza maswali ni kukosa imani kwa ndugu.

Tunaomba kila kamati iteue watu wawili wanaoaminika, ikiwezekana mmoja awe mwanamke, watakaomsindikiza muumini anayeuza au kununua, hasa mjane, mstaafu na mzee asiyesoma. Wasipokee malipo, na wasipendekeze dalali. Kazi yao iwe kuuliza yale maswali matano, kwenda naye ofisi ya ardhi, na kukaa naye siku ya kutia sahihi. Dawati letu litawapa mafunzo.

Kwa wahisani wetu, ombi ni dogo kuliko mradi wowote mliowahi kutusaidia: nauli, ada ya upekuzi na saa chache za wakili kwa asiye na uwezo. Hamtapata picha ya jengo jipya la kuweka ukutani. Mtakachopata ni mama ambaye bado ana paa lake, au aliyeuza na fedha zake zote zikamfikia.

Nanyi ndugu zetu madalali mliopo humu, kazeni mwendo katika haki. Mwenye kuonekana hadharani na mwenye mali na mwenye fedha hatakosa wateja.