Taa Ipo, Jaketi Je?



Wengi wenu hapa Ngara na Biharamulo mna kaka au shemeji anayevua dagaa Ziwa Victoria, labda kule Chato, zamani Biharamulo, leo Mkoa wa Geita. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Na usiku ndipo dhoruba hupenda kuzuka. Kwa nini? Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo wa pande zote hukutana ziwani, hewa yenye mvuke hupanda, mara radi!

Sasa fikiria baba kijana, mke na mtoto mchanga. Hela ya taa imepatikana. Ya jaketi la kuokoa maisha? "Tutaona." Au lipo, lakini amelikalia! Ukishatumbukia, kulivaa ni kazi kweli.

Kuvaa jaketi siyo uoga. Mke na mume wapange bei yake pamoja. Kabla ya kutoka, aseme anavua upande gani na atarudi saa ngapi. Mtumbwi ukipinduka, aung'ang'anie, asijaribu kuogelea hadi ufukweni.

Je, shemeji yako analo? Muulize leo.